Ile "Kubali" niliyoibonyeza bila kusoma

Leo simu yangu imenichongea kwa baba.

Mzee kaja hapa mjini Rahaleo kutoka kijijini Mahurunga, akaomba simu asome habari za mnada wa korosho. Nikampa bila wasiwasi.

Ukurasa kufunguka tu, tangazo: "Uza shamba lako la mikorosho haraka."

Akashusha chini. Jingine. Akashusha tena. Lile lile!

"Nani kawaambia nina shamba?"

Jamani.

Wiki iliyopita nilipitia tovuti za madalali wa mashamba, kimyakimya. Kila moja ilinitolea ile ilani ya vidakuzi, kwamba watafuatilia ninachotazama. Na mimi Kubali, Kubali. Nani anasoma zile?

Baba anasoma.

Nilipomweleza yote, alivaa miwani, akataka aione hiyo ilani. Akaisoma hadi mwisho, kidole kikifuata mistari.

Kisha akanirudishia simu.

"Hawa hawakujui, na bado wamekuomba ruhusa. Mikorosho ile nimeipanda mimi, mwanangu. Wewe uliniomba lini?"

Kaondoka, chai kaiacha nusu kikombe.

Nyie mnaosoma kabla ya kubonyeza, nifundisheni pia kuomba radhi.