Mto wa Mteja Msumbufu

Asubuhi ile fundi mito aliamka kabla ya mumewe, akakaa kwenye cherehani na kuanza kushona foronya ya mto mkubwa kupita kiasi. Mumewe, aliyekuwa fundi baiskeli kabla ya magoti kumgomea, alimletea chai.

"Wa nani huo?"

"Wa mteja mmoja msumbufu. Na hii chai umeipika au umeiogesha?"

Akainywa yote.

Ndivyo walivyoishi, mke akisema, mume akisikiliza. Chumba cha mbele kilijaa sufi. Iliingia kwenye nyusi, kwenye masikio, hata kwenye chai. Wateja walimjua kwa jaribio lake moja. Mto ukiisha, aliukandamiza kwa ngumi mbili, akaachia, akatazama. Ukifumuka upesi, unauzwa. Ukichelewa, unapasuliwa na kujazwa upya.

"Hata tope linabonyea," alizoea kusema. "Mto ni kurudi."

Muda mrefu kabla ya asubuhi ile, pumzi ilianza kumpungukia. Kwanza kwenye ngazi, halafu akibeba kiroba cha sufi, halafu hata akipiga soga. Hapo ndipo mumewe alipoogopa. Akilala chali, alihisi kama mtu kamkalia kifuani. Mwingine angekimbilia hospitali. Yeye, kwa kuwa fundi ni fundi, akashona mto mnene zaidi. Shida iliporudi, akaongeza mwingine juu yake. Mwisho akawa analala nusu ameketi, mumewe kule chini.

"Habari za ghorofani?" mume aliuliza.

"Kuna upepo mzuri. Nyinyi wa bondeni mnaendeleaje?"

Wakacheka. Kicheko kikamletea kikohozi.

Miguu ilipovimba hadi viatu vikamkataa, walikwenda kupima. Picha ya moyo ikapigwa, wakaambiwa unasukuma damu vizuri. Fundi mito alirudi nyumbani kifua mbele, akamsimamisha jirani yake muuza mkaa.

"Moyo wa kisichana huu! Mnaonisingizia uzee mkome!"

Vidonge vya presha alivyokuwa akimeza miaka yote akavisukumia nyuma ya kabati. Vya nini tena? Mto wa nne ukashonwa.

Hali ilipozidi, wakaonana na daktari mwingine, binti wa rika la mtoto wao wa mwisho. Huyu hakuanza na vipimo.

"Mama, unalalia mito mingapi?"

"Minne," akajibu kwa majivuno. "Na yote nimeshona mwenyewe."

Daktari hakucheka. Akapima upya, akasema moyo umeanza kushindwa kazi.

Mume akainuka. "Si mlisema unasukuma vizuri?"

"Kusukuma unasukuma, mzee. Kulegea ndiko kunaushinda. Presha ya miaka mingi imeukaza, kuta zake zimekuwa nene na ngumu. Moyo ukishakamua, unatakiwa ulegee ujae tena. Huu haujai inavyopasa. Damu inasongamana nyuma, maji yanavujia mapafuni, na mama akilala pumzi inakata."

Fundi mito alikunja ngumi, akaifungua polepole, akaitazama.

"Yaani nina mto wa sufi kuukuu. Ukiubonyeza unabonyea, ukiuachia haufumuki."

"Ndivyo hasa, mama."

"Basi pasua ujaze upya, mwanangu."

"Huo haupasuliwi. Huo tunautunza."

Vidonge vya presha vikatoka nyuma ya kabati. Vikaongezwa vya kutoa maji, chumvi ikapunguzwa, na kila jioni wakatembea hadi kona na kurudi. Vidonge alivimeza huku akivitukana. Miguu ikanywea. Mto wa kwanza ukashuka, akamrushia mumewe.

"Nakuja huko bondeni! Fagieni!"

Ukashuka na wa pili. Hapo safari ikakoma. Moyo uliokwisha kakamaa haukurudi ulaini wake, na kila alipojaribu kuondoa mto wa tatu, pumzi ilikata. Hilo lilimuuma kuliko vidonge na chumvi. Alitaka kulala bega kwa bega na mumewe kama zamani, basi. Alilisema mara moja tu, kisha akaligeuza mzaha.

Siku ile ya mteja msumbufu, mto uliisha adhuhuri. Akaukandamiza kwa ngumi mbili, akaachia. Ukafumuka mara moja. Akaunyanyua, akamtupia mumewe usoni. Kumbe mteja ndiye huyo.

Baada ya chakula wakajilaza, mke kwenye mito yake miwili, mume kwenye ule mmoja mkubwa, urefu mmoja, mabega yakigusana. Mke alimsema muuza mkaa kidogo, akasinzia. Hakuamka tena.

Mzee bado analalia mto ule. Watoto wanamwambia atavunjika shingo, bora alalie mwembamba. Habishani nao. Anawarudishia tu maneno aliyoambiwa mto ulipomwangukia usoni:

"Mimi kushuka siwezi tena, mzee wangu. Basi panda wewe."