Nafasi ya Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, Mwanangu, ile Julai ya Nairobi ambayo jua hukataa kuamka na watu huenda kazini wamejikunyata ndani ya masweta. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Dagoretti Corner, hata sauti za makanga wa matatu zilitufikia bila wenyewe kuonekana. Nilikuwa nakunywa chai kwa haraka. Mdogo wangu Nafula, aliyekuwa ameanza shule mwaka ule, alikuwa ameketi kwenye kigoda akila viazi vitamu, na bila kuinua macho akaniuliza:

"Mama alikuwa anacheka aje?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Hakikutoka kitu. Nilikitafuta kicheko cha mama kama mtu anayejipapasa mifuko mlangoni, anajua ufunguo anao, lakini haupo huku wala kule. Mwishowe nikasema, "Alikuwa anacheka vizuri." Nafula akanitazama kidogo, akarudi kwa viazi vyake. Hakuuliza tena, na huko kutouliza tena ndiko kulikoniuma.

Acha nikueleze tulivyofika hapo. Mama yetu alifariki Nafula akiwa hajajua hata kukaa. Baba alibaki na shamba nyumbani Bungoma, sisi tukaletwa kwa dada yake, Senge Rebeka. Senge ni shangazi, lakini kwetu neno hilo lina uzito: senge akikohoa tu, unaanza kujiuliza umekosa nini. Alikuwa mpishi wa familia moja kule Kitisuru, na alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya maduka. Mimi nilikuwa nimepata kazi mjini, ya kupokea simu katika ofisi moja ya bima. Siku nzima nilivaa visikizio nikiunganisha sauti za watu nisiowajua, huyu anamtaka meneja, yule anafoka, mwingine analia. Jioni masikio yalikuwa yamejaa pomoni. Wakati mwingine nilidhani ni sauti hizo zilizoifukuza ya mama.

Na tangu shuleni nilikuwa nataka kuandika. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nasimama dirishani kule ghorofani, nikitazama mji chini, na sentensi zinanijia zenyewe, ndefu, nzuri, zinapita juu ya paa za magari na kupotelea upande wa milima ya Ngong. Sikushika hata moja. Nilijiambia nitaziandika nikipata nafasi.

Basi jioni ya siku ile ya viazi nikamwambia Senge kwamba nitaandika kila ninachokumbuka juu ya mama, ili Nafula naye awe na kitu. Senge alifurahi hata akaniongezea mboga.

"Andika," akasema. "Mtoto asikue kama amezaliwa na ukuta."

"Nitaandika, Senge. Saa hii ndio sina nafasi."

Wiki zikapita. Kila Senge alipouliza, jibu lilikuwa lile lile. Sina nafasi. Leo nimechoka, kesho kuna kufua, Jumapili kuna kanisa na wajumbe wa harambee. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linauma kimyakimya, kwa sababu kila nilipoamka kulikuwa na kitu cha mama kilichopungua. Leo wimbo aliouimba akipepeta wimbi. Kesho ule mwanya wake, nikashindwa kujua ulikuwa meno ya juu au ya chini. Nilimwona anavyofutika, nikaendelea kupiga pasi nguo zangu za kazi.

Sasa, lazima uijue sebule ya Senge. Palikuwa na meza moja nzuri ya mbao, na kando yake kiti chenye mto, vyote vimefunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma kwa mkono wake. Hiyo ilikuwa nafasi ya mgeni. Sisi wenyeji tulikula tumepakata sahani. Nafula aliwahi kuweka kikombe juu ya ile meza, akaambiwa kwa jicho tu akiondoe. Mgeni hana tarehe, Senge alikuwa akisema, asije akakuta tumekalia mahali pake. Na kweli watu wa nyumbani walikuja bila taarifa, kuku kwapani, wengine wamefuata kazi, wengine hospitali. Sijawahi kumsikia akimwambia mtu kwamba nyumba imejaa.

Jumamosi moja nilirudi kutoka mjini adhuhuri, nikakuta meza ile imesogezwa hadi dirishani. Vitambaa vimekunjwa, vimewekwa juu ya kabati. Mbao tupu, na juu yake kalamu na karatasi. Nikadhani kuna habari mbaya kutoka nyumbani.

"Senge, kuna nini?"

"Si ulisema hauna nafasi?" akajibu, akiendelea kuchagua mchele. "Nafasi ndio hiyo."

Nilicheka, Mwanangu. Nilicheka kile kicheko cha msichana aliyesoma.

"Senge, sikumaanisha nafasi ya kukaa. Nilimaanisha wakati. Masaa."

"Kwani nafasi ziko ngapi?"

Senge akaweka ungo chini.

"Mgeni akibisha hapa, umewahi kunisikia nikisema hakuna nafasi? Mimi huamka nikasogeza kitu. Hata kama ni mimi nitalala chini. Sasa mama yako amebisha kwa hii nyumba muda huu wote, na ni wewe unamwambia angoje nje kwa baridi. Siku moja atachoka, aende. Halafu huyu mtoto utamwambia nini?"

Mpaka leo sijui kama alinisikia vibaya au alinitega. Aliondoka duniani bila kuniambia, na kwa nilivyomjua Senge, alifurahia kunyamaza huko. Ninachojua ni kwamba nililia, machozi yakaanguka juu ya meza ya wageni, na hakunikaripia.

Tukapatana hivi. Asubuhi, akiwasha jiko ateleke chai, mimi nakaa mezani. Chai ikiiva naacha, hata kama neno liko katikati, kwa maana yeye ana safari ya Kitisuru na mimi ya mjini. Sikudaiwa zaidi ya urefu wa chai.

Siku ya kwanza karatasi ilinitazama, nami nikaitazama. Nje ukungu, ndani harufu ya mafuta ya taa na tangawizi. Nikaandika kwamba mama alikuwa mwanamke mwenye upendo na bidii, mcha Mungu, aliyependwa na wote. Nikamsomea Senge kwa fahari.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Si ni mama."

"Hapana. Hilo ni tangazo la kifo la redio. Kila maiti hupendwa na wote." Akamimina chai. "Kesho uniambie alikuwa anatoa viatu wapi."

Niliondoka nimenuna. Lakini swali lilinifuata mjini, likakaa nami kwenye visikizio, na kesho yake nilipokaa mezani lilikuwa limeshafika. Alikuwa akivitoa wapi? Kwenye mlango wa jikoni. Kimoja juu ya kingine, soli zikitazama juu, ili vifaranga wasilale ndani. Vifaranga! Nilikuwa nimewasahau kabisa. Na nyuma ya vifaranga akaja mama mwenyewe, amevaa soksi za baba, anawagombeza kwa upole. Kioo cha dirisha kilikuwa cheupe kwa mvuke, na nakuambia nilimwona akipita katika weupe ule, kutoka jikoni kwenda kisimani. Chai ikaiva nikiwa bado namfuata.

Tangu siku hiyo Senge alinitupia swali moja kila asubuhi, akichota maji, bila hata kugeuka. Alikuwa anaunguza chakula gani? Alikuwa anamnunia nani? Radi ikipiga alikuwa anasema nini? Hakuniuliza hata siku moja mama alikuwa mtu wa namna gani. Yalikuwa maswali madogo, ya viatu na sufuria, nami nilipita humo nikafika mbali. Kuna siku hayakuleta kitu, nikaandika upuzi mpaka chai ikaiva. Senge akasema nisijali, hata mgeni kuna siku anapitia kwa jirani kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, na karatasi zikaongezeka. Hata sentensi za dirishani kule mjini zikaanza kunisubiri, kana kwamba zimesikia nyumbani sasa zina kiti.

Ikaja asubuhi ya swali hili: "Alikuwa anaogopa nini?"

Hilo lilikuwa rahisi. Kinyonga. Siku moja alikwenda kuanua nguo akamkuta kinyonga ametulia juu ya leso yake, kwenye kamba. Leso ikaruka juu, mama akakimbia hadi kwenye mihogo. Alipogeuka aliniona ninamtazama. Akaketi pale pale chini, akafunika mdomo kwa ncha ya gauni, mabega yakaanza kutikisika, machozi yakamtoka kwa kucheka. Nikaandika: na hakutoa sauti.

Kalamu ikasimama. Hakutoa sauti. Mama yetu alikuwa akicheka bila sauti! Muda wote ule nilikuwa natafuta kitu cha kusikia, kumbe kilikuwa cha kuona.

Nilimwita Nafula akaja na sweta ya shule, kiatu kimoja mguuni. Nikamsomea habari ya kinyonga. Nilipofika penye leso kuruka na mama kukimbilia mihogoni, mtoto akavuta mkono wa sweta akafunika mdomo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Hakutoa sauti. Senge alikuwa ameshika sufuria ya chai, akaiweka chini na kugeukia ukuta.

"Hivyo," nikamwambia Nafula. "Mama alikuwa anacheka hivyo."

Mwanangu, nimeyakumbuka haya kwa sababu ya neno ulilolisema Jumapili ulipokuja kunijulia hali hapa kwangu Muthangari. Ulinionyesha simu yako, ukaniambia kundi lenu la waandishi hutuma kidokezo kila alfajiri: andika juu ya mlango, andika juu ya harufu, andika juu ya mtu uliyemwogopa. Vizuri sana, nikafikiri, Senge amefufuka na kununua simu. Kisha ukapumua, ukaniita nyanya kwa lugha ya kwetu: "Lakini Kukhu, sijajibu hata moja. Sina nafasi." Ulikuwa umeegemea meza ile ile ya Senge uliposema hivyo, nami nikauma ulimi ili nisikucheke.

Sikia basi. Usiseme huna nafasi, sogeza kitu. Nafasi haipatikani imelala barabarani, hutengwa na mwenye nyumba. Chagua saa iliyo ndogo hata ukaionea haya, kama ya chai, na uilinde kuliko unavyolinda simu hiyo. Usidharau kidokezo kwa kuwa ni cha viatu. Ukianza na upendo na bidii utaandika tangazo la kifo, lakini ukianza na viatu mwenyewe atakuja kuvivaa. Siku kidokezo kisipoleta kitu, kaa tu mpaka chai iive. Na usingoje, kwa maana wanaobisha huchoka. Kuna mtu wako, nami sitamtaja, ambaye sauti yake imeanza kukuponyoka. Nimekuona ukimtafuta.

Nafula sasa ni kukhu kama mimi, yuko Bungoma. Hunipigia simu jioni, na mimi mzee mchokozi humtafutia kichekesho makusudi. Nikimpata vizuri, laini hunyamaza. Mjukuu wangu ninayeishi naye hudhani mtandao umepotea, anataka kunisaidia. Namwambia aache. Mimi niliyelipwa mshahara kusikiliza sauti za watu naweka simu sikioni nasikiliza ule ukimya, na mama yangu yupo ndani yake.

Nenda, Mwanangu. Mungu akusogezee kiti. Anayebisha akukute uko macho, na chai yako isiwe na haraka ya kuiva.