Mawe Tuliyopandisha Kutoka Mtoni

Niliingizwa katika komite ya bustani kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu wa jeografia, na chefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, alisema mwalimu haogopi makaratasi. Siku hizo nilikuwa nikifundisha shule moja upande wa Muhumba. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, chini kabisa ya kile kiwanja ambacho sote tuliita bustani, ingawa hakikuwa na ua hata moja. Juu, karibu na barabara, vijana walicheza mpira. Katikati wanawake walianika nguo. Huku chini kulikuwa na korongo lililopanuka kila masika, na matope yake yalikuwa yakishuka hadi milangoni mwetu. Mvua moja ilikuwa imekwisha kubeba choo cha jirani na nusu ya mboga zangu za lengalenga.

Kwa hiyo komite ilipoundwa, nilikwenda kwa moyo mweupe. Prezida wake, yaani mwenyekiti, alikuwa mtu mzima mpole, mwenye sauti ya chini, anayemwita kila mwanamke "madame". Alituuliza kila mmoja anataka nini. Mmoja akataka viti vya saruji, mwingine taa, mwingine choo cha umma. Mimi nilisema sisi wa chini tunataka kitu kimoja: ukuta wa mawe pale mwisho wa bustani, kando ya kinjia, ili udongo usitushukie. Prezida aliandika, akasema, "Hiyo njo ya kwanza, madame. Maua bila ukuta ni bure." Nilitoka mle ndani nikitembea kama mtu aliyepata mshahara.

Kikao cha pili tuliona mchoro. Teknisyen wa komite aliubandika ukutani, na mstari wa ukuta ulipita palepale nilipoomba. Kikao cha tatu kilikuwa cha kugawana mzigo. Mji ungetoa teknisyen na saruji. Mfadhili angetoa viti, miche na lango. Wakaaji, kwa kuwa hawana kitu, wangetoa mikono na mawe. Mfadhili hakuweza kufungua mfuko wake mpaka aone wakaaji wameanza. Kila mara, kabla ya kuketi, tulitia sahihi kwenye karatasi ya présence, kuonyesha nani amekuja. Nilisaini bila kufikiri, kama ninavyosaini shuleni kila asubuhi.

Kazi ya kuwashawishi watu nikapewa mimi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Mtu ambaye Jumamosi yake ni siku pekee ya kufua, au ya kwenda Walungu kutafuta maharagwe, anaambiwa ashuke mtoni akabebe mawe bure! Lakini walinisikiliza. Walisema, "Kama ni weye mwalimu unasema, tutakuja." Na walikuja. Jumamosi baada ya Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, wanawake na mabeseni kichwani, wanaume na mawe begani, tukipanda kile kilima ambacho hata ukiwa mikono mitupu kinakukata pumzi. Jirani yangu mmoja, fundi mwashi, alijitolea kujenga bila kulipwa. Jumamosi ya tatu jiwe lilimponda kidole cha mkono wa kushoto, ukucha ukatoka wote. Alikifunga kwa kitambaa, akaendelea.

Ni yeye aliyeona kwanza. Asubuhi teknisyen alipofunga kamba ya msingi, mwashi alisimama akaiangalia muda mrefu, kisha akanijia.

"Mwalimu, hii kamba iko juu sana. Siye tulisema ukuta itapita kule chini, karibu ya njia, ao hapana?"

Nami, mjumbe wa komite, mtu wa makaratasi, nilimjibu nini? Nilimwambia, "Papa, bale bateknisyen banajua kazi yabo. Siye tubebe tu." Hakubishana. Alikwenda akaanza kupanga mawe pale alipoambiwa.

Wiki chache baadaye, nikirudi kutoka shuleni, nilikuta mabati yamezungushwa kati ya ukuta wetu na kinjia. Ndani watu wanasawazisha ardhi. Nilimuuliza mmoja wao kazi ni ya nani. "Ya patron, tajiri wetu," akasema. "Banajenga nyumba. Etaji." Ghorofa kwenye bustani yetu! Nilipima kwa miguu yangu, kwa nje, mabati yote: hatua kumi na moja kwenda chini, na kwa marefu sehemu nzima ya bustani. Ukuta wetu, hata kabla ya kwisha, ulikuwa umesimama mgongoni mwa kiwanja hicho, ukikikinga udongo usikishukie. Huku kwetu korongo lilizungushwa tu pembeni ya mabati, na mdomo wake sasa ulielekea nyumbani kwetu zaidi kuliko zamani.

Nilikwenda kwa prezida na vumbi la chaki bado mikononi. Hakuonekana kushangaa.

"Keti kwanza, madame."

"Sitaketi. Nani aliuzisha bustani?"

"Hakuna mutu aliuzisha. Ile sehemu ya chini ilionekana haifai, iko na hatari. Komite ilikubali kuipunguza. Na weye ulikubali." Akafungua faili, akanipa kumbukumbu za kikao cha tatu. Maneno ya kupunguza kiwanja yalikuwa yameandikwa vizuri kwa Kifaransa, na nyuma yake imebanwa karatasi ya majina yetu. "Hii si signature yako?"

"Hii ni présence! Nilisaini kwamba nilikuja!"

"Njo vile. Ulikuja, na komite ikaamua mbele yako."

Nimeishi na wanafunzi miaka mingi, nimesikia uongo wa kila namna, lakini ule ulisemwa kwa sauti laini hata nikakosa pa kuushika. Niliita jina la Mungu mbele yake. Nilimwambia ya kwamba katika kikao kile hakuna aliyetamka neno "kupunguza", na kwamba kuna watu wamepoteza kucha zao kwa ajili ya ukuta huo. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanishauri ninywe maji.

Nilikwenda mahali pengine pia, ofisi zinazohusika na viwanja. Moja wakaniambia niandike barua. Niliandika. Nyingine wakaniambia barua yangu haina nambari ya faili. Kwa kuwa faili ilikuwa kwa prezida, nambari nayo ilikuwa kwake.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kurudi kwa wale niliowatoa majumbani mwao. Jioni ileile niliyotoka kwa prezida nilianza kwa mwashi. Alikuwa akila bugali na samaki wadogo pamoja na mkewe. Nilisimama nikamweleza yote, hata jambo la sahihi. Alitafuna, akameza, akasema:

"Mwalimu, nilikuuliza."

Basi. Ningependa angenitukana. Ni mke wake aliyeweka tonge chini, mwanamke mfupi, muuza mkaa, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde.

"Ukuta bamekwisha kuichukua. Na majiwe ile ingali mulundo kule juu, nayo ni ya nani?"

Kwa kweli zaidi ya nusu ya mawe yalikuwa bado hayajajengwa. Yalikuwa yamelundikwa kando ya barabara, yakingoja saruji ambayo mji ulikuwa haujaleta.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyeitisha salongo, lakini watu walitokea. Tulipanga mstari kutoka barabarani hadi kwenye mdomo wa korongo, tukapokezana mawe mkono kwa mkono. Mwashi alikuwa chini akiyapanga bila saruji, akiyabana moja juu ya jingine. Kabla ya saa sita prezida alifika na teknisyen wake, na polisi mmoja nyuma yao.

"Haya mawe ni ya projet!" prezida akapaza sauti, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipaza.

Muuza mkaa akatua jiwe lake miguuni pa prezida. "Papa Prezida, tuonyeshe lile ulibeba weye. Tutakurudishia."

Watu walicheka, polisi naye akageuza uso akacheka. Prezida alitazama mkono mmoja baada ya mwingine, akatuambia tutajuta, akaondoka. Mwashi aliitwa kesho yake, akawekwa kituoni mchana kutwa, akaachiliwa. Mimi niliondolewa kwenye komite kwa barua ya mistari miwili.

Ukuta wetu wa chini ni mfupi na umepinda. Masika yaliyofuata ulishika sehemu kubwa ya matope, si yote. Jiko la mjane mmoja lilikwenda. Etaji ilimalizika. Ina balkoni inayotazama ziwa, na mgongo wake umeegemea mawe yetu. Huko juu bustani ilizinduliwa kwa utepe na hotuba. Kuna viti vinne, na lango linalofungwa mapema kiasi kwamba wanaotoka kazini hawaingii.

Mwaka jana nilikwenda ofisi moja ya mji kutafuta cheti cha mwanangu. Kwenye koridoo wametundika picha kubwa, na chini yake maandishi kuhusu ushiriki wa wakaaji. Ni sisi, tukipandisha kilima. Mimi niko mbele, beseni kichwani, ninacheka meno yote nje. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Nilimwomba aiondoe.

"Juu ya nini, maman? Picha iko muzuri sana."

Nilimweleza. Nilianza tangu kikao cha kwanza, nikiwa nimesimama, na watu wa foleni nyuma yangu wakaanza kulalamika, kisha wakanyamaza wakasikiliza. Karani alisema hana ruhusa ya kugusa kitu ukutani. Picha ingali pale.