Mashine ya Hewa Upenuni kwa Mama

Nyumbani kwetu Kasulu hakuna kitu cha thamani kinachokaa wazi. Redio ina kitambaa. Chupa ya chai ina kitambaa. Makochi, ambayo ni mawili na moja limevunjika mguu, yana vitambaa mgongoni na mikononi, vyote mama amevifuma mwenyewe kwa uzi mweupe na maua ya waridi pembeni. Hata simu yake ndogo ya batani inalala kwenye kimfuko cha uzi kama mtoto mchanga. Akitaka kutumia kitu hukifunua, akimaliza hukifunika. Si yeye peke yake, mtaa mzima uko hivyo, na mwanamke ambaye vitu vyake vinakaa wazi husemwa bombani hadi achoke.

Nyumba iko chini bondeni, na ng'ambo ya kijito ndiko wanakochoma tofali. Mvua zikikata vijana hufyatua, hupanga tofali mpaka tanuri linakuwa refu kama nyumba, hulikandika udongo, halafu husukuma magogo kwenye mashimo ya chini na kuwasha. Likizimwa hili, linawashwa lile, hadi mvua zirudi. Nusu ya Kasulu imejengwa kwa tofali hizo. Darasa nililojifunzia kusoma limejengwa kwa tofali hizo. Kwa hiyo sitaki kuandika kana kwamba wachoma tofali ni watu wabaya. Mmoja wao ni mjomba wangu, kaka yake mama, na ndiye mwenye matanuri mengi kuliko wote.

Shida ni kifua cha mama. Kila kiangazi kinambana zaidi ya kiangazi kilichopita. Daktari wa hospitali alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo akamwambia akae mbali na moshi. Mama akaacha kuni, akahamishia jiko nje, akanunua mkaa mkavu, na mimi nikiwa nyumbani simwachii hata kupuliza moto. Yote hayo aliyafanya. Lakini moshi wa ng'ambo hauna pa kuzimiwa. Asubuhi tukifungua mlango unatukuta pale pale kizingitini, mweupe, umekaa, kama mgeni aliyelala kwetu.

Mwezi wa sita nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni Kibondo, akaja kijana mmoja mtaalamu wa kupima hewa na fundi wake. Alimwamkia mama vizuri, akaomba kutundika mashine upenuni. Ilikuwa kisanduku cheupe chenye paneli ndogo ya sola na tundu kwa chini, ndani yake kifeni kinachovuta hewa. Alieleza kwamba kwenye moshi na vumbi kuna chembe ndogo mno, jicho halizioni, pua haizizuii, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mashine inazihesabu na kutuma namba kwa laini ya simu. Zimetundikwa sehemu mbalimbali za mji, na namba zote zinaingia kwenye kompyuta pamoja na upepo, baridi na mahali palipo na moto. Kompyuta inapiga hesabu na kuchora ramani ya hewa ya mji mzima, hata ya mitaa isiyo na mashine. Kwa ramani hiyo kata itaamua nani ahame na moto wake na nani abaki.

Nilikuwa na maswali mengi. Niliuliza moja tu, kwa sauti ya kuku mgonjwa: kwa nini moshi unakaa bondeni asubuhi halafu jua likipanda unaondoka? Alinigeukia akasema hilo ndilo swali lenyewe. Akaeleza kwamba alfajiri baridi hutulia chini, hewa yenye joto ikakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na kila kinachotoka tanurini kinabaki ndani ya sufuria. Sisi ndio tuko ndani ya sufuria. Nilienda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu. Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema jambo ninalolijua mwilini mwangu.

Mama aliwapikia ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Wakati wa kuaga, mtaalamu akamwambia, "Tutunzie tu, mama. Ni ya gharama hiyo."

"Usiwe na wasi," mama akajibu. "Utaikuta kama ulivyoiacha."

Jioni mjomba alipita, akasimama chini ya upenu, mikono kiunoni. "Dada, umeanza kufuga nyuki?"

Mama akamweleza. Mjomba akalizunguka sanduku, akaligonga kwa kidole, akasikiliza. Watu wanamwona mtu wa mizaha, lakini anampenda dada yake. Aliposema maneno yaliyofuata hakuwa anacheka. "Sawa. Hili sanduku likisema ni moshi wangu unaokuumiza, nahamisha matanuri yote hadi Nyakitonto. Na wenzangu nawavuta. Mtoto wako huyu ndiye shahidi."

"Nyakitonto wamekukosea nini?" mama akasema, na sote tukacheka, yeye akamalizia kwa kikohozi.

Nilirudi Kibondo nikiwa na kitu kifuani ambacho sikukizoea. Nadhani lilikuwa tumaini. Kiangazi cha kule nacho kina moshi wake, watu wanachoma nyika kuanzia upande wa Busunzu, masizi yanadondokea mashati yetu yakiwa kwenye kamba, wenzangu wanalalamika wanafua tena. Mimi nilikuwa natazama yale masizi nawaza: haya ni makubwa, haya yanaonekana, yale mengine sasa hivi yanahesabiwa. Kila mashine inapohesabu upenuni kwetu, mjomba anazidi kusogea Nyakitonto. Matroni akiniazima simu nilimpigia mama. Alisema hajambo, mashine haijambo. Lakini sentensi zake zilikuwa zimefupika, na mara nyingine alivuta pumzi katikati ya neno, kama mtu anayepanda mlima huku anaongea na wewe.

Ramani ilisomwa mwezi wa tisa, siku niliyofunga shule kwa likizo fupi. Nilishuka kwenye basi la Kibondo nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata na begi langu mgongoni. Mama alikuwa ameshafika, amekaa karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Kanga ilimzunguka mara nyingi kuliko zamani.

Wakatundika ramani ukutani. Nyekundu ilikuwa sokoni na pembezoni mwa barabara, pale akina mama wanapokaanga samaki na kuchoma mahindi. Rangi ya chungwa stendi. Bonde letu lilikuwa kijani. Nilidhani nimelikosea mahali, nikafuata kijito kwa macho kuanzia darajani hadi kwetu. Kijani. Mtaalamu akaeleza kwamba namba za bondeni zimekuwa chini kiangazi chote, na kompyuta kwa kuzitazama pamoja na upepo imeona kwamba joto la matanuri linaupandisha moshi juu na kuupitisha nyuma ya kilima. Hakusema neno juu ya mfuniko wa sufuria. Nilimwona ameitazama ramani yake kidogo, kama mtu aliyepewa chenji isiyo sawa lakini foleni ni ndefu.

Mama mmoja muuza samaki akasimama. "Kwa hiyo mimi na kikaango changu nimelishinda tanuri?"

Ukumbi ulicheka hadi mtendaji wa kata akagonga meza. Mkono wangu uliinuka. Ulifika usawa wa sikio, nikajikuna, ukashuka. Ningesema nini? Kwamba namba zinasema hivi na mama yangu anasema vile? Wakati huo huo mama alishikwa na kikohozi, kikaendelea, watu wakamgeukia, halafu wakageukia ile kijani ukutani, halafu wakatazama chini. Ikapitishwa kwamba wakaangaji waondolewe barabarani, matanuri yabaki.

Nje mjomba alitukuta. Hakufurahia kama nilivyotarajia. Alimwitia mama bodaboda, akamshika mkono kumpandisha. "Nilikuwa tayari, dada," alisema. "Mashine ndiyo imekataa."

Asubuhi yake moshi ulikuwa kizingitini kama kawaida. Mtaalamu alikuwa anakuja kuchukua mashine, na mama aliamka mapema ili airudishe vizuri. Alinitaka nimshikie kiti. Tulikuwa tumefika jioni giza likiingia na sikuwa nimezunguka upande ule wa nyumba. Nilipozunguka sikuona kisanduku cheupe. Niliona kitambaa.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kufuma. Kiliikaa mashine kama kofia inavyomkaa mtoto, kimeshuka pande zote hadi chini, na mpira wa kukibana umeshonewa kwenye ukingo, chini ya tundu, tundu lote likiwa ndani. Kwa ndani alikuwa ametia nailoni ya mfuko wa sukari ili maji yasipite. Paneli ya sola aliiacha nje kwa sababu fundi alisema inahitaji jua. Mama ni mtu mwangalifu. Alisema alikianza wiki ile ile niliyorudi shule, alipoona vumbi linajipaka pale kwenye kitundu.

Alikivua, akakiloweka kwenye beseni la sabuni ya unga. Maji yakawa ya kijivu, kisha meusi. Akamwaga, akaweka mengine, nayo yakawa meusi. Alikuwa amechuchumaa, anasugua kidogo, anapumzika, anasugua. Akaniinulia beseni nione.

"Ona, mwana wanje. Uchafu wote huu ungeingia kwenye mashine ya watu."

Mwana wanje ni mtoto wangu, kwa Kiha, na huniita hivyo akiwa na furaha. Nilimwambia nakwenda kuchota maji, nikachukua ndoo ambayo ilikuwa imejaa.

Mtaalamu alipokuja nilimvizia njiani, kabla hajafika. Hilo kwangu ni jambo kubwa, sijawahi kumsimamisha mtu mzima njiani. Nilimweleza kwa maneno yasiyopangika vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama upande wa nyumba, kitambaa kikiwa kwenye kamba kinadondosha maji. Akasema waliona namba zimeshuka ghafla, wakajiuliza, na kwa kuwa mashine ilikuwa nzima na inatuma, wakatafuta sababu kwenye upepo. Ilikuwa ndiyo mashine pekee bondeni. Alisema atawaandikia wakubwa wake, lakini taarifa imeshapokelewa, na mashine zote zinahamia mji mwingine wiki hiyo. Hakunidanganya. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama asijue, tafadhali."

Nilikuwa nimeshaamua hivyo.

Alimshukuru mama kwa kuitunza. Mama aliipokea shukrani ile kwa mikono miwili, kweli kabisa, alinyoosha mikono kama anapokea kitu.

Kwa mjomba nilikwenda mwenyewe, hadi tanurini, nikasimama macho yananitoka machozi. Alidhani ni moshi. Nilipomaliza kueleza alikaa juu ya gogo. Nikamkumbusha Nyakitonto. Akasema kama kata ingesema, wangehama wote. Akihama peke yake, wenzake watajaza nafasi yake kabla majivu hayajapoa, na dada yake atavuta moshi ule ule, na yeye mwenyewe atakuwa hana kazi. Nilitafuta kosa kwenye hesabu yake sikuliona. "Pole, mjomba," akaniambia, kama wanavyoitana wajomba na watoto wa dada zao, halafu akainuka kuongeza gogo, kwa sababu moto ukipoa katikati tofali zote zinaharibika.

Siku ya kurudi shule mama aling'ang'ania kunisindikiza hadi barabara ya lami. Kitambaa alikuwa amekipiga pasi na kukivisha redio. Kimekuwa kikubwa kwa redio, kinaning'inia, lakini ni cheupe tena.

Katikati ya mlima alisimama, akakaa kwenye jiwe. Nilimshikia dawa yake akavuta, tukasubiri. Chini yetu bonde lilikuwa limejaa, bati letu halikuonekana. Mama naye alikuwa anatazama huko huko.

"Unajua," alisema, na kati ya neno na neno alivuta hewa, "nilikuwa nawalaumu bure wale vijana wa tofali. Na kaka yangu pia. Kumbe hewa ni nzuri. Wamepima. Basi ni mimi tu. Ni mwili wangu ndio mbaya."

Nilifungua mdomo. Mawazoni nilikiona kile kitambaa kwenye redio, na mikono yake ilivyopokea ile shukrani.

"Nenda," akasema. "Gari litakuacha."