Ndege Ni Haraka

Kila jirani yangu hapa Kakoba, mjini Mbarara, akikaanga karanga, mimi hufunga dirisha kabla pua haijafurahi. Ndiyo harufu iliyojaa nyumbani kwetu Nakivale, kambini kwa wakimbizi, asubuhi ambayo dada yangu Zawadi na mume wake waliondoka kwenda Amerika. Mama alikaanga ungo mzima. Tulitoka Fizi, kule Kongo, kwa miguu sisi, na mama alipima safari kwa chakula. Kilomita hakuzijua, karanga alizijua.

Kwa hiyo alimuuliza kijana aliyesimamia basi la wasafiri, kwa adabu kabisa: "Mwanangu, toka Entebbe mpaka huko Denver ni muda gani, nijue nimufungie ngapi?"

Kijana hakumtazama hata. "Mama, ndege ni haraka."

Haraka! Kwetu haraka ilikuwa pikipiki mpaka Mbarara. Zawadi aliahidi akifika tu atampigia Mama Solange, jirani yetu mwenye duka pale sokoni Misiera, kwa kuwa sisi hatukuwa na simu. Tukasema, kesho jioni tutamsikia.

Kesho jioni, kimya. Kulipokucha tena, kimya. Nilishinda dukani nimeikodolea ile simu macho, sithubutu kwenda hata kuchota maji. Mchana mama akavua kitambaa cha kichwa, akaketi vumbini.

"Imeanguka," alisema.

Nani angembishia? Nani kati yetu alijua lolote? Wamama wa kanisa walikuja na kuni na maharage, wakaanza kuimba nyimbo za msiba. Mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Chumvi mumeweka fasi gani?" Hata kilio kina njaa.

Jua likielekea kuzama, Mama Solange akaja mbio, kiatu kimoja mguuni. "Muache kulia! Huyu hapa, anaongea!"

"Mama, ndiyo tunafika," sauti ya Zawadi ilikwaruza. "Ndege tatu, Mama! Na katikati banakungojesha mpaka unalala ku kiti. Karanga zote banazitupa ku pipa."

Nilirukaruka kama mbuzi. Wamama wakacheka, wakaanza kukusanya masufuria yao. Mama alirudisha simu, akaketi palepale vumbini.

"Mubaki," alisema. "Muimbe tu."

Nilidhani akili imemruka.

Juzi binti yangu aliniuliza mama mkubwa Zawadi yuko mbali kiasi gani. Simu yangu ilijibu kabla sijameza mate: karibu kilomita elfu kumi na nne, zaidi ya siku nzima ukihesabu na kungoja. Basi! Maneno ambayo yule kijana angeyasema bila hata kushuka mlangoni mwa basi lake. Hasira hiyo sijaitua, wala siitui.

Lakini nilikuwa nimeshika mkono wa binti yangu nilipoisoma ile namba, na nikaushika zaidi. Mama tulimzika Nakivale, Zawadi akilia ndani ya simu. Zawadi hakuwahi kurudi hata mara moja. Siku ile, kati yetu sote, mama peke yake ndiye aliyejua kwamba wale wamama hawakukosea kuja kuomboleza.