Siku Niliyoflashi Gemu Ukweni Mamba

Nyie, mkasa huu nausimulia mwenyewe kwa sababu mke wangu ameshausema kwa nusu ya Mpanda, na mtu akishakuumbua nusu ni bora ile iliyobaki uimalizie wewe, angalau uiseme kwa huruma kidogo. Aibu niliipata, sikatai. Ila tukikutana sokoni msinikoholee (kuna watu wameshaanza, nawajua kwa majina).

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo karibu na stendi, natengeneza simu, redio, spika za kuchaji, na siku hizi hata zile gemu za mkononi ambazo vijana wanatoka nazo Dar. Kuna kitu tunaita kuflashi. Maana yake unafuta mfumo uliokuja na kifaa halafu unakiwekea mfumo mwingine, ili kikubali gemu ambazo kiwandani walikinyima. Kazi yenyewe haina ugumu, ina sharti moja tu: umeme usikatike katikati. Inakwenda kwa awamu mbili. Ukikatika awamu ya kwanza unapiga moyo konde unaanza upya. Ukikatika awamu ya pili, mfumo wa zamani umeshafutika na mpya haujakaa, umebaki na kopo la plastiki, hata fundi wa Dar atakurudishia tu.

Sasa siku hiyo tulikwenda kijiji cha Mamba, mimi na baba mdogo, kwa kina Kabula, mchumba wangu wakati huo, kusikia jibu la posa yetu. Ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe wao zamani, watu wa heshima sana. Mzee hakuwa na neno na mimi. Aliyekuwa mgumu ni Masanja, kaka yake Kabula, ambaye alishasema mbele za watu kwamba dada yake hawezi kuolewa na mtu anayeshinda anapuliza simu za wenzake, na pale nyumbani Masanja akisema hapana mzee naye anasita. Kwa hiyo mimi nilikuwa naenda kumtafuta Masanja, hao wengine nilikuwa nawasalimia tu.

Njiani kwenye pikipiki baba mdogo alinipigia darasa mpaka sikio likauma. Mama mkwe hatazamwi, hasemeshwi, hashikwi. "Ukisikia anakohoa nyuma ya pazia, anaomba njia," akasema. "Unainuka, unatoka nje, unaangalia ng'ombe mpaka apite. Hata kama una tonge mdomoni." Nikamjibu kwamba sisi Wakonongo na sisi tunajua kumheshimu mkwe, asinifanye mtoto. Akasema, "Na huo mkoba wa bisibisi ungeuacha."

Sikuuacha.

Tukafika, tukapokelewa vizuri, wazee wakatoka kwenda kukaa kivulini upande wa zizi kuzungumza yao, mimi nikaachwa sebuleni kama ilivyo kawaida ya mchumba. Kabula hakuwepo, siku hiyo alipelekwa kwa shangazi yake. Mara Masanja akaingia, ananiangalia juu chini, mkononi ana gemu. Ya kwake, aliinunua kwa mpunga wa msimu mzima. Akalalamika inaganda, inakataa gemu mpya. Na mimi, badala ya kusema pole shemeji utaniletea kibandani, mdomo ukafunguka: "Lete, hiyo naiflashi hapa hapa, kabla chakula hakijaiva."

Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikaona tayari nimeoa.

Tatizo la kwanza, betri ya ile gemu ilikuwa imechoka, ukichomoa chaja inazima. Tatizo la pili, chaja yake ni ya pini ya duara, powa benki yangu haiingii. Ikabidi niichomeke kwenye ekstensheni ya pale sebuleni, inayotoka kwenye betri ya sola, swichi yake ina taa nyekundu. Nikapachika memori kadi yenye mfumo mpya, nikawasha, ikaanza kuhesabu. Masanja akaenda kuwaambia wazee shemeji anafanya kazi. Nikasikia kikohozi nyuma ya pazia.

Nikainuka kwa adabu zote, nikatoka, nikaangalia ng'ombe. Mlango wa stoo upo mle mle sebuleni, mchele na mafuta viko humo, kwa hiyo mama lazima apite. Niliporudi gemu ilikuwa nyeusi.

Nikajiambia ni awamu ya kwanza, haina shida. Nikalaumu waya. Nikaukunja pale penye shingo nikaufunga na gundi ya karatasi, nikaanza upya, inakwenda vizuri, Masanja kachungulia nikamwonyesha dole gumba. Kikohozi. Nikatoka. Safari hii hata sikuwaona hao ng'ombe, nilikuwa naomba Mungu. Nikarudi, imezima tena. Nikalaumu memori kadi, nikaisugua kwenye shati. Nikalaumu chaja, ilikuwa haina hata joto. Nikailaumu sola yao kimoyomoyo. Jasho linanitiririka mpaka kwenye nyusi, na koti nililoazima limeanza kushika mgongo (koti la baba mdogo, na yeye alishaliangalia mara mbili).

Akili ya kiufundi ingeniambia nitazame swichi ya ekstensheni. Niliitazama? Nilikuwa nachomeka na kuchomoa, nabonyeza kila kitu kwa pamoja, taa inawaka, basi, sikujiuliza kama ilikuwa imezimwa. Nilichokiona mimi ni kimoja tu: nikitoka, inazima. Nikaapa sitoki tena.

Ya tatu ikakubali. Awamu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, kioo kikaandika nisizime. Na wakati huo huo wazee wakaingia. Wote. Mzee, ndugu zake, baba mdogo, Masanja akaja kukaa karibu yangu kabisa anatazama namba zinavyopanda. Nje wingu lilikuwa limetanda, ndani kumeanza kiza kidogo. Mzee akaanza kusema kwamba wameshauriana na hawaoni ubaya, ila wanamsubiri Masanja aseme neno lake. Masanja akacheka kidogo akasema, "Acha amalize hii, nitasema."

Nyuma ya pazia, kikohozi.

Sikuinuka. Baba mdogo akanigusa goti. Nikajifanya sijasikia. Kikohozi cha pili kikaja kirefu, cha mtu ambaye sufuria yake iko motoni na mchele uko stoo. Kila mtu ananitazama mimi, na mimi natazama gemu. Kikohozi cha tatu. Na hapo, jamani, mdomo wangu huu huu ukasema kwa sauti, kuelekea kwenye pazia:

"Subiri kidogo mama, inamalizika."

Baba mdogo aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Nadhani mama naye kule nyuma alishindwa la kufanya, moto unaunguza, mkwe hatoki, akaamua kupita vile vile kwa namna aliyoiweza: akajifunika kitenge kichwani mpaka usoni, akaingia kinyumenyume, ili angalau tusionane. Kisigino chake kikakuta waya wa ekstensheni.

Sikufikiri. Mtu anaanguka, unamdaka. Nilimdaka mama mkwe wangu kwa mikono miwili, kwenye kiuno, mbele ya mume wake na ukoo wake wote, kitenge kikaanguka chini, tukatazamana macho kwa macho. Hilo peke yake lingesameheka, mtu angesema ni ajali. Lakini mimi nikiwa bado nimemshika nikageuza shingo kutazama mezani, kioo cheusi, nikasema, "Dah, imezima."

Nilisema hilo. Sikusema samahani, wala kumuuliza kama ameumia.

Mama akajitoa mikononi mwangu, akaokota kitenge, akarudi nyuma ya pazia. Tukamsikia kwa sauti ndogo akimwambia mume wake kwa Kisukuma, na Masanja akanitafsiria hata sikumwomba. "Mayu anasema yeye ndiye alikuwa anazima swichi kila akipita. Kuna wingu, alikuwa anatunza betri ili wageni mkae na taa mpaka jioni. Anasema kama ungemtumia mtu kumwambia, asingezima."

Nikamwambia Masanja kwamba nitamtafutia gemu nyingine, mpya, hata kama ni kuuza vifaa vya kibandani. Nilidhani hasira yake ni ya gemu. Akaichukua mezani, akaiweka mfukoni bila kuibonyeza hata mara moja.

"Gemu nitapata nyingine," akasema. "Mama nimpate wapi?"

Hakuna aliyekula. Mzee alituambia kwa upole tuende, turudi na kondoo wa kuosha lile jambo, halafu wataona. Ule upole ndio uliniumiza, ningependa angenitukana. Kutoka Mamba kurudi Mpanda mvua ilitukuta njiani na koti la baba mdogo. Tangu siku hiyo mpaka tuliporudi na kondoo nilikuwa silali vizuri, simu ikilia nashtuka, nadhani ni Masanja ananiambia nisije.

Alisema ndiyo, mwishowe. Hakusema kwa ajili yangu, mama yake ndiye aliyemtuma aseme. Nimeoa, na tangu hapo nimeapa sigusi kifaa chochote ukweni, hata tochi.

Ila Kabula, kila mkasa huu ukitajwa, ananiacha nieleze yote. Namweleza habari za awamu ya pili, betri iliyochoka, chaja ya pini ya duara, namweleza kifundi kabisa mpaka na mimi naanza kujiamini. Ananisikiliza mpaka mwisho, mtaratibu, mikono mapajani. Halafu ananiuliza, "Kwa hiyo ulishindwa kuinuka tu?"