Jioni Baba Aliposhika Antena

Televisheni ya Bi Doris ilikuwa na harufu yake. Ukishaiwasha, kioo kilibaki cheusi kwa muda mrefu, na wakati tukisubiri, vumbi lililojificha ndani ya kasha lake la mbao lilianza kupata moto na kunukia kama nguo iliyoachwa chini ya pasi. Harufu hiyo ilichanganyika na ya mafuta ya taa kutoka kwenye hita, na ya kabichi iliyochemka tangu mchana. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, nami nilikuwa na miaka saba. Baba alikuja Birmingham kutoka Taita kusomea uhandisi, Mama akaingia mafunzo ya uuguzi, na tulipanga chumba cha juu katika nyumba ya Bi Doris, mjane wa Kiingereza, katika mtaa wa Lozells. Sebule ilikuwa yake, wapangaji hawakuingia. Lakini majira yale ya baridi alianza kuniita nishuke nijipashe moto, baadaye akamwita na Baba, na Mama pia siku ambazo hakuwa kwenye zamu.

Jioni moja Mama alirudi na habari. Watu wa televisheni walikuwa wamefika hospitalini kupiga picha wodi ya watoto, na yeye alikuwa miongoni mwa wauguzi waliopigwa picha. Picha hizo zingeonyeshwa Alhamisi, kwenye habari za jioni. Alhamisi yenyewe alikuwa kazini mpaka asubuhi. "Basi mtatazama nyinyi kwa niaba yangu," alisema akicheka, "mniambie kama nilipendeza." Aliyasema kama mzaha, lakini kila siku hadi siku hiyo alituuliza kama bado tunakumbuka. Wakati ule mtu wa kawaida hakuwa na namna ya kurekodi. Kilichopita kilikuwa kimepita.

Alhamisi ilipofika Bi Doris alivaa sweta lake la kanisani. Televisheni ikawaka, na picha ikaanza kupanda juu, kupotea, na kuchomoza tena chini. Bi Doris alilipiga kasha kofi, haikusaidia. "Hebu shika antena, Bwana Mwakio," alimwambia Baba. Baba akapita nyuma ya televisheni, akainyanyua antena, na mara picha ikatulia. Alipozunguka mbele aone, ikavurugika. Akarudi, ikatulia. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu mtangazaji alikuwa ameshaanza kutaja hospitali. "Usitoke hapo, Baba!" nilipiga kelele, kwa Kiingereza, maana Kiswahili changu kilikuwa kimeanza kunikimbia. Baba akabaki nyuma ya lile kasha, mkono juu, akitutazama sisi.

Vikaonekana vitanda vidogo vimepangwa mistari miwili. Akapita daktari, wakapita wauguzi wawili wa Kizungu. Kisha Mama akaingia kutoka kushoto kwa mwendo wake ule wa haraka usio na kishindo, akainama kwenye kitanda kimoja, akamfunika mtoto shuka. Kofia yake nyeupe iliuziba uso. Alipotaka kuinua kichwa, picha ikabadilika, akatokea mzee mwenye tai.

"Yule pale! Yule pale, kipenzi!" Bi Doris alikuwa ameninyakua mkono.

"Ndiye? Anafanya nini?" Baba aliuliza. Macho yangu hayakubanduka kwenye kioo. Akaacha kuuliza, akawa ananitazama usoni tu, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

Habari zilipokwisha aliweka antena chini, akausugua mkono uliokufa ganzi. Aliuliza kwa Kiingereza, ili Bi Doris naye ashiriki: "Alitabasamu?"

"Ndiyo," nikasema. Ulikuwa uongo. Bi Doris alinitazama kidogo, kisha akamgeukia Baba. "Tabasamu zuri sana," akasema, na akaenda kutuletea chai.

Asubuhi Mama alirudi, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Baba akamsimulia yote ambayo hakuyaona: vitanda, shuka, na lile tabasamu. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliponipeleka shule ndipo aliponiambia, "Mghoi, sikutabasamu. Yule mtoto alikuwa analia, anamtaka mama yake. Nilikuwa namwambia atakuja. Na wewe nilikuwa nawaza kama umekula." Tulivuka barabara. "Baba yako usimwambie."

Leo mimi ni bibi, naishi Shard End, hapa hapa Birmingham. Wajukuu zangu wananielewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na simu yangu imejaa picha na video zao. Nikitaka nawasimamisha katikati ya kicheko, nawarudisha nyuma, naukuza uso wa mmoja mpaka naona mapengo ya meno yaliyong'oka. Nashukuru kwa hilo. Picha ile ya Mama niliwahi kuiulizia kwa watu wa televisheni, nikajibiwa kuwa nyingi za zamani hazikuhifadhiwa. Wajukuu wananihurumia, lakini mimi nilikaa kwenye meza ya wazazi wangu mpaka walipozeeka, na Baba hakupata mgeni bila kumsimulia jinsi mkewe alivyotabasamu mbele ya Waingereza wote. Mama angekuwa pembeni yake, anamimina chai. Na kila Baba alipofika hapo, Mama alitabasamu.